Kijana wa Fildi Alivyomiliki Mishahara ya Ofisi

Ofisi yenyewe iko Ngamiani, Tanga, wanauza kamba na magunia ya mkonge, nami huitwa pale kompyuta zikigoma. Seva yao ilichoka, wakamleta fundi wa mbali ahamishie mafaili kwenye seva mpya. Fundi huyo alikuwa waja leo waondoka leo wa kweli: Jumamosi asubuhi kaingia, jioni kapanda basi, na seva ya zamani kaondoka nayo ikiwa sehemu ya malipo yake.

Jumatatu nakuta vurugu. Meneja hawezi kuingia kwenye folda yake mwenyewe. Mama mhasibu haoni mishahara, ila anaona hesabu zote za stoo. Mtunza stoo kanyamaza kimya, macho kwenye skrini, anasoma kitu kwa makini. Na kijana wa fildi, aliyepewa akaunti ili ajifunze kuandika barua, ndiye pekee anayeweza kufungua mishahara ya ofisi nzima.

"Mwanangu, hebu nifungulie nione kama ya Agosti ipo," mama mhasibu anambembeleza.

"Ipo, mama. Kumbe mzee meneja anakat..."

"Funga! Funga hapo hapo!"

Nikaandika `ls -ln /home`, amri ya kuorodhesha folda za watumiaji. Ile `n` ndiyo dawa, maana inaonyesha namba za wenye mafaili badala ya majina. Linux, mfumo unaoendesha seva, haimjui mama mhasibu wala meneja. Kwenye diski inaandika namba tu, jina inalitafuta baadaye kwenye `/etc/passwd`. Kwenye seva ya zamani mhasibu alikuwa 1001, stoo 1002, meneja 1003. Kwenye mpya, fundi alianza kumfungulia akaunti kijana wa fildi, eti wa kujaribia, akachukua 1001. Mhasibu akawa 1002, stoo 1003, meneja 1004. Ofisi nzima ikasogea kiti kimoja kama abiria wa daladala: mishahara ikaenda kwa kijana, stoo ikaenda kwa mhasibu, mafaili ya meneja yakaenda kwa mtunza stoo, na meneja akabaki amesimama.

Wala `rsync -a`, amri aliyonakilia mafaili, haina kosa. Ukiiendesha ukiwa root (mkuu wa mfumo, asiyezuiwa kitu) upande unaopokea, hulinganisha majina kwanza: jina likiwepo kule, faili linapewa mwenye jina hilo, hata namba zikitofautiana. Jina lisipokuwepo, inabandika namba kama ilivyo. Fundi alinakili kwanza, akaunti akafungua baadaye. Angegeuza mpangilio huo, meneja angekunywa chai yake kwa amani. Na `adduser`, amri ya kufungua akaunti, ilimwonya kwamba folda ipo tayari na si ya huyu anayesajiliwa. Nadhani muda huo alikuwa anaangalia saa ya basi.

Nikatoka kidogo kufuata chaja. Kurudi, nakuta jirani wa duka la simu kaketi kwenye kiti changu. Nenosiri la root kalisoma kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye skrini, na keshapiga `chmod -R 777 /home`, yaani yeyote asome, aandike na aendeshe kila kilichomo.

"Fundi, nimeshakumalizia kazi. Sasa kila mtu anafungua!"

Kweli, kila mtu alikuwa anafungua. Kila kitu.

Balaa la pili likaja kwa simu: tawi la Pangani, ambalo hutuma nakala zake kwa `rsync` kupitia ssh (njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), linakataliwa. Nikafungua `/var/log/auth.log`, nakuta `bad ownership or modes for directory`. sshd, programu inayopokea ssh, haikubali ufunguo unaotumika badala ya nenosiri kama folda ya nyumbani, `.ssh` au `authorized_keys` (orodha ya funguo zinazokubaliwa) inaweza kuandikwa na mtu mwingine, au mwenye nayo si yule anayeingia wala root. Zote mbili tulikuwa nazo.

Seva ya zamani ingekuwepo, ningerudia `rsync -a` na majina yangejipanga. Haikuwepo, basi nikawatoa watu wote kwenye mtandao na kuanza na folda za nyumbani, moja moja, kwa `chown`, amri ya kubadilisha mwenye mafaili: `chown -R mhasibu: /home/mhasibu`, na wenzake vivyo hivyo. Kazi ilikuwa `/srv/pamoja`, ambako mafaili ya wote yamechanganyika. Hapo unaanza na namba kubwa:

`find /srv/pamoja -uid 1003 -exec chown -h 1004 {} +`

halafu 1002 iwe 1003, mwisho 1001 iwe 1002. Ukianza chini, mafaili ya mhasibu yanaingia 1002 na kuchanganyika na ya stoo, zamu ya pili yanasombwa yote kwenda 1003, na ya tatu yanamwangukia meneja. Ofisi nzima ingekuwa mali yake. (Alipolisikia hilo aliuliza kama haliwezekani kweli.) Makundi ya watumiaji nayo yalisogea vilevile, ila pale nilimaliza kwa `chgrp -R ofisi`, yote yawe ya kundi la ofisi, na folda zote nikazipa 2770 ili kila faili jipya lirithi kundi.

Ile 777 ina mtego wake. Wengi hukimbilia `chmod -R u=rwX,go=`, wakitegemea X kubwa iweke x (ruhusa ya kuingia folda au kuendesha faili kama programu) kwenye folda tu. Lakini X huiacha x kwa faili lolote ambalo tayari linayo, na baada ya 777 yote yanayo, hadi orodha ya magunia. Kwa hiyo kule `/home`, `find` mara mbili: `-type d` (folda) zipate 700, `-type f` (mafaili) yapate 600, yaani mwenyewe tu, kisha skripti chache urudishie x kwa mkono. Pangani wakaingia.

Meneja akanivuta pembeni. Je, kompyuta inaweza kumwambia nani alisoma barua fulani kwenye folda yake? Nikamwambia amri ya `stat` inaonyesha saa ya kusomwa, tena si kila mara, na jina la msomaji haiandiki.

"Barua gani, mzee?"

"Ya onyo. Ya mtunza stoo. Bado sijampa."

Mlango ukagongwa. Mtunza stoo, na bahasha mkononi: utetezi wake, kurasa mbili, umejibu hoja zote tano kwa mpangilio ule ule.