Mabati ya Mama Mkwe

Pesa zilikuwa za mabati. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza katikati ya habari zilitoka wapi. Tulichanga watatu hapa Houston, mimi, mke wangu na kaka yake, tukamkabidhi huyo kaka azitume Tanga, kwa kuwa mama ni mama yake na paa linalovuja ni la nyumba aliyozaliwa. Shemeji akazipokea kwa mikono miwili. "Jumatatu zinaondoka," akasema. Jumapili akaenda kwenye maonyesho ya kadi.

Kwa asiyezijua, hizi ni kadi za karatasi ngumu zenye picha za wachezaji, upana kama sentimita sita na nusu, urefu karibu tisa. Watoto walizipata kwenye pakiti, sasa watu wazima wenye ndevu wanazigombea kwa bei ya kiwanja. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle, mcheza besiboli, iliyochapishwa mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6. Nimerudia kuisoma hiyo namba nikidhani nukta imekaa pabaya.

Na kadi ya namna hiyo haizungushwi mkononi. Inapelekwa kwa kampuni ya wapimaji, wanaikagua pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati, wanaipa alama kati ya 1 na 10, halafu wanaifungia ndani ya kasha la plastiki ngumu, vipande viwili vilivyounganishwa kwa mitetemo ya sauti hadi vikashikana kabisa. Juu kuna lebo yenye alama na namba ya utambulisho. Kati ya 9 na 10 mimi sioni tofauti hata nikivaa miwani, ila bei inaiona: kadi ileile inaweza kuruka mara kadhaa. Sasa kuna wapimaji wenye majina, kama PSA waliofungua mwaka 1991, au Beckett, au SGC. Halafu kuna wapimaji ambao nashuku ni bwana mmoja na mashine yake gereji.

Shemeji alirudi na kadi ya Stephen Curry iliyotengenezwa na kampuni ya Topps, msimu wa 2009-10, ule wa kwanza wa Curry kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Lebo inameremeta dhahabu: 10. Kampuni sitaitaja, na hata ningeitaja msingeijua.

"Umenunua shilingi ngapi?" mke wangu akauliza. Akikasirika anarudi kwenye shilingi.

"Dada, tulia. Kadi hii ikiwa kwenye kasha la wakubwa, na ina 10, watu wanatoa pesa ndefu. Mimi nimeipata robo ya hapo. Kwa nini? Kwa sababu ya kasha tu! Kadi ni ileile. Hii imepanga Uswahilini. Tukiihamishia Masaki, kodi inapanda."

Lazima niwe mkweli, hesabu ilikuwa na mantiki yake. Hata mke wangu alinyamaza kidogo.

Kuhamisha kadi kuna njia ya kistaarabu. Unaipeleka kwa wakubwa ikiwa humohumo kwenye kasha lake la zamani, unaandika alama ya chini unayoikubali, nao wakiona haifiki wanakurudishia kasha lako likiwa zima. Mzee mmoja muuzaji alimweleza hayo palepale ukumbini. Shemeji akakataa. Kwa maoni yake, mpimaji akiliona kasha lile la mtaani ataingiwa na dharau kabla hajaiona kadi. Kadi iende bila kasha, ionekane imetoka kwa watu. Si yeye peke yake mwenye mawazo hayo. Wakusanyaji wengi wanavunja makasha kwa sababu hiyohiyo, na kuna wanaovunja hata ya kampuni kubwa ili wakabahatishe alama ya juu zaidi. Tofauti ni kwamba wao wana vifaa. Shemeji alikuwa na koleo langu la kufungulia bomba la sinki.

Akakaa mezani jikoni, taulo chini, miwani ya jua usoni eti ya usalama. Unaanza na pembe ya juu, mbali na kadi. Akaibana. Plastiki ikalia "ka!", kipande kikaruka kikatua kwenye sufuria ya maharage. Mke wangu akazima jiko bila neno, akachukua kijiko, akaanza kukitafuta. Shemeji akaingiza bisibisi kwenye ufa, akakamua polepole, na wakati huohuo simu ikaita, picha na sauti, kutoka Tanga.

"Mwanangu," mama mkwe akaniuliza, "kaka yenu anafanya nini na miwani hiyo usiku?"

"Anafungua kitu, mama."

"Simu imeharibika?"

"Hapana mama, ni picha. Imefungiwa."

"Basi aifungue taratibu asiichane. Na mabati?"

"Mabati ndiyo haya anayoyafungua, mama," akajibu mke wangu toka kwenye sufuria.

Kasha likaachia. Kadi ikatoka nzima, safi, shemeji akaishika kwa kingo kama inavyotakiwa, akainyanyua kwenye taa na kutabasamu. Lebo ya dhahabu ikaanguka sakafuni. Hapo ndipo lile 10 lilipokufa, maana muuzaji alisema kabla ya kupokea pesa kwamba kasha likishavunjwa hamjuani.

Ili Curry asisafiri peke yake, shemeji akaongeza kadi ya Hasheem Thabeet. Hiyo alikuwa nayo miaka mingi, ndani ya mfuko wake mwembamba, katikati ya kitabu cha sheria za barabarani cha Texas. Kwa kuwa kitabu chenyewe hajawahi kukifungua, na anavyoendesha gari mtaamini, kadi ilikuwa haijaguswa na hewa.

Wasioikumbuka 2009, nawakumbusha: katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka ule, kijana wetu wa Dar es Salaam alichukuliwa wa pili, na Memphis Grizzlies. Wa tatu alikuwa James Harden. Curry alikuwa wa saba. Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile, na tulishangilia hadi jirani akaja kugonga. Kilichofuata uwanjani kila mtu anakijua, na soko la kadi linakijua kuliko wote. Ada ya kuipima kadi ya Thabeet ilizidi bei ya kadi yenyewe. "Ni uzalendo," shemeji akasema, akalipa kwa pesa ya mabati.

Majibu yalichelewa. Mvua za Tanga hazikuchelewa.

Kifurushi kilipofika tulikifungua wote watatu. Cha kwanza, Curry, yuko uchi ndani ya mfuko mwepesi, hana kasha, hana alama, ana kijikaratasi kinachosema kingo zimekatwa. Yaani kuna mtu huko nyuma alichukua wembe na rula, akaipunguza kadi kidogo ili pembe zilizochakaa zionekane mpya, na yule bwana wa gereji akaipa 10. Shemeji akaleta rula, akapima, akapima tena upande wa pili, akaketi.

Nilijaribu kumfariji. Nikamweleza kuhusu kadi maarufu ya Honus Wagner, mcheza besiboli wa zamani, ya miaka ya 1909 hadi 1911. Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafu, na mwenzake waliinunua mwaka 1991 kwa dola 451,000, PSA wakaipa alama ya 8, ikauzwa na kuuzwa hadi ikafika dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 Bill Mastro, dalali aliyewahi kuimiliki, akakiri mahakamani kwamba alizikata kingo zake. Na kadi imeendelea kutajwa kwa 8 yake ileile.

"Kwa hiyo yangu tatizo ni nini?" shemeji akauliza kwa uchungu wa kweli.

"Yako haikuwahi kufika Masaki."

Cha pili kilikuwa kasha zito, linang'aa, lebo imenyooka. Hasheem Thabeet. 10. Haina kasoro popote, kwa mujibu wa wataalamu. Tulipotazama bei za mauzo ya karibuni, lile kasha lingelipa labda sufuria moja ya maharage, bila plastiki.

Mama mkwe akapiga jioni hiyo. Mke wangu, aliyekwisha amua kwamba mabati tutayalipa sisi na kaka yake atakatwa mwezi hadi mwezi, akamweleza yote bila kuficha. Mama akasikiliza kwa makini.

"Ngoja nielewe. Walipelekwa wawili kupimwa. Yule Mmarekani kafeli, aliiba. Na yule mrefu wa kwetu kapata kumi juu ya kumi?"

"Ndiyo, mama, lakini..."

Lakini lilimezwa na vigelegele. Tulisikia mlango ukifunguliwa, tukasikia akiita majirani, na paa likidondosha matone kwenye beseni nyuma yake. Siku mbili baadaye nikapigiwa na mama mmoja nisiyemjua, wa mtaa uleule. Mwanawe ana futi sita na nusu, alitaka kujua ada ya huo mtihani ni kiasi gani, na kama anaweza kuufanyia Tanga.

Nikampa namba ya shemeji.