Kuanzishiwa dawa ni dakika tano, kuitoka sasa

Wacha niseme tu maanake imenikaa rohoni. Mimi diazepam sikuanza kwa raha. Niliinua mtungi wa gesi vibaya, mgongo ukakaza, kliniki moja huku Eastlands wakanipa tembe za miligramu 5, moja asubuhi moja jioni, ati zilegeze misuli. Zinaisha lini, hakuna aliyesema na mimi sikuuliza. Mgongo ukapona dawa ikabaki, miaka miwili, jamaa wa chemist akiniona tu ashanyoosha mkono kwa shelfu, mambo ya karatasi ya daktari hataki kujua.

Siku niliamua kuacha niliacha tu, si ni dawa? Siku ya nne kijiko kikigonga kikombe nasikia kama nyundo, taa za matatu zinanichoma macho, usingizi zii, chai inamwagika kabla ifike mdomoni. Kurudi kliniki naambiwa ni stresi, halafu naandikiwa nini? Hiyo hiyo!

Hapo ndio hasira yangu iko. Hii kitu si ya jana, Valium, ndio hiyo hiyo diazepam kwa jina la biashara, iko sokoni tangu 1963, na kule Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kutoa watu kwa hizi dawa kuanzia 1982 hadi 1994, na alichosema si kigumu: shuka polepole, mgonjwa mwenyewe ndiye aamue mwendo. Ukikata ghafla unaweza kushikwa na degedege, na degedege inaua.

Wa kwanza kuniambia hivo hakuwa daktari. Ni mzee mmoja kwa kikundi cha walioacha pombe, nilienda hapo kwa kukosa pa kwenda (laini ya NACADA, wale wa serikali wa mambo ya pombe na dawa za kulevya, 1192, ni ya bure lakini nilikaa miezi sijapiga, najiambia hiyo ni ya walevi). Wakaniuliza natumia nini, nikasema dawa ya mgongo, wakacheka. Yeye hakucheka. "Kijana, hata pombe ukiikata ghafla inaweza kukuangusha. Rudi kwa dawa, tafuta daktari wa kukushusha."

Nikampata, wa tatu kumuona. Mwongozo wa siku hizi ni kupunguza dozi asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne. Sawa, sasa nipigie hesabu: nameza miligramu 10 kwa siku, tembe ni ya 5, ukiikata robo kwa wembe hiyo ni 1.25, tayari umepita asilimia 10. Za miligramu 2 nilizunguka chemist tatu za mtaa nikakosa. Kwa hivo kila jioni ni mimi, wembe na gazeti, natafuta unga ulioruka kwa kidole kilicholowa, na bibi yangu ananiangalia tu, haongei.

Sai niko nusu tembe asubuhi, robo usiku. Hiyo robo imenikalia miezi miwili na daktari akasema ikae.