Wengi wape, sawa, lakini hao wengi ni kina nani?

Mwaka juzi nilikuwa admini kwenye grupu moja la watu wenye kisukari na wanaowauguza, grupu la kawaida tu, watu wanaulizana habari za vipimo na chakula, wengine wanaingia usiku kulia kidogo alafu wanalala. Akaja dada mmoja anajiita nesi, profaili yake ina picha ya sare nyeupe. Hakuwa na haraka. Wiki tatu nzima anajibu tu maswali na kuwapa watu pole, mpaka tukamzoea. Siku moja akataja dawa fulani ya unga. Haikupita saa moja akatokea mama wa watoto watatu akasema mumewe ameitumia na sukari imeshuka, akatokea na mzee mstaafu akauliza inapatikana wapi, basi mjadala ukawaka, watu wakaanza kuomba namba.

Mtu mmoja akamuuliza nesi, je, anayechoma insulini anaweza kuacha sindano akianza hii? Jibu likaja fasta: "kama nilivyoeleza hapo juu, unapunguza kidogo kidogo". Ila aliyejibu sio nesi. Ni yule mama wa watoto watatu, na huko juu hakuwa ameeleza chochote zaidi ya habari za mumewe. Alisahau kubadilisha akaunti.

Nikarudi nyuma nikasoma posti zao wote watatu. Wote wanaacha nafasi kabla ya mkato, wote wanaandika KIUKWELI kwa herufi kubwa. Mtu mmoja, sura tatu, na alikuwa anakaribia kumwachisha mgonjwa sindano ambayo kuna watu wakiiacha wanakufa.

Tangu siku ile hili suala la sura feki za mtandaoni nimelifuatilia sana, na nilianza nikiwa upande wa wanaosema dawa yake ni moja tu, kila mtu atumie jina lake halisi basi. Sasa hivi sipo tena huko, japo hasira ninayo bado.

Kwanza tuelewe kwa nini mchezo huu unafanya kazi. Sisi tuna msemo wetu wengi wape, na ni msemo mzuri kabisa, maana watu kumi walioona kitu kimoja mara nyingi wameona kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, alikuwa anamweka mtu chumbani na wenzake kadhaa, wanaonyeshwa mistari waseme upi unalingana na upi, jibu liko wazi hata mtoto angelipata. Kumbe wale wengine wote wamepangwa, wanataja jibu la uongo kwa pamoja. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walikubaliana na uongo ule angalau mara moja, wakati macho yao yanaona. Na hapo ni mistari tu, hakuna mtu anaumwa, hakuna uchaguzi, hakuna hela.

Mtandaoni hata hao watu kadhaa hawahitajiki. Kuna utafiti ulitoka 2013 kwenye jarida la Science, watafiti walizipa baadhi ya komenti kura moja tu ya kuunga mkono pale zilipowekwa, kura moja ya uongo, na mwisho wa siku komenti hizo zikawa na alama zaidi kwa asilimia 25 kuliko zile zilizoachwa zenyewe. Kura moja. Anayeendesha akaunti tano anakuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kujipigia makofi, wanaokuja nyuma yake wanamalizia kazi wenyewe bila kulipwa. Lisemwalo lipo, tunasema, na huyu kazi yake ni kuhakikisha linasemwa.

Sasa ukitaka kuona jambo hili kwa ukubwa wake angalia Houston, Marekani, tarehe 21 Mei 2016. Nje ya kituo kimoja cha Kiislamu walikutana watu wa pande mbili, upande mmoja umeitwa na ukurasa wa Facebook wa Heart of Texas kupinga Uislamu, upande wa pili umeitwa na ukurasa wa United Muslims of America kuutetea. Walisimama wanazomeana, barabara katikati. Kurasa zote mbili zilikuwa za ofisi moja ya kuendesha akaunti feki, Internet Research Agency ya St. Petersburg, Urusi, na matangazo ya kuwaita watu pale yaligharimu kama dola 200 tu. Waliosimama barabarani walikuwa watu kweli, wana majina yao na wana hasira yao ya kweli, na nadhani wapo waliorudi nyumbani wakiamini wamemwona adui kwa macho yao.

Ila mtu asiniambie ni mambo ya Urusi peke yake. Mwaka 2011 gazeti la Guardian liliandika kuhusu mkataba wa jeshi la Marekani wa dola milioni 2.76 kwa ajili ya programu ambayo ingemwezesha askari mmoja kuendesha mpaka watu kumi wa kubuni, kila mmoja na historia yake. Na 2024 Reuters wakafichua kwamba kuanzia 2020 jeshi hilohilo lilitumia akaunti feki kuwatia Wafilipino shaka juu ya chanjo ya Kichina, wakati korona inaua. Hapa hakuna mwenye mikono safi wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Haya, upande wa pili. Kuna wanaosema tunaogopa kivuli, hizi akaunti hazina nguvu hiyo. Na hawasemi kwa kubahatisha. Utafiti uliotoka 2023 kwenye Nature Communications uliangalia akaunti za Warusi huko Twitter wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2016, ukakuta kwamba ukihesabu mara zote posti hizo zilipoonwa, asilimia 70 ni za asilimia 1 tu ya waliochunguzwa, wengi wao tayari ni wa chama kilekile kilichokuwa kinapigiwa debe, na hapakuonekana mtu kubadili msimamo au kura kwa sababu yake. Na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wa Graphika, kampuni ya kuchunguza mitandao, walipochambua akaunti feki zilizokuwa zinazipigia debe nchi za Magharibi, posti nyingi hazikuwa na laiki za kueleweka.

Naikubali hoja hii, tena ni vizuri tuisikie, maana kuna wanasiasa wanaoshindwa kihalali alafu wanasingizia maboti, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu. Ila inapima kitu kimoja tu, kama mtu amegeuzwa mawazo. Houston hakuna aliyegeuzwa, waliongezewa tu moto. Na China, utafiti wa Gary King na wenzake wa 2017 ulikadiria kwamba serikali inaandikisha posti milioni 448 kwa mwaka kwa kujifanya wananchi wa kawaida, na walichokuta ni kwamba hawabishani na wapinzani hata kidogo, wanasifia tu na kuhamisha mada mpaka watu wasahau walikuwa wanalalamikia nini, sasa hapo utapima nini, hakuna aliyeshawishika lakini mazungumzo yameshakufa. Alafu takwimu za nchi nzima hazisemi chochote kuhusu grupu la watu mia nne, ambako akaunti tatu zinatosha kabisa.

Hoja ya pili ndiyo iliyonitoa kwenye ule upande wa majina halisi. Juni 2010 kijana Khaled Said alikufa Alexandria, Misri, baada ya kupigwa na polisi. Mmisri mmoja, Wael Ghonim, akafungua ukurasa wa Facebook, Sote ni Khaled Said, akauendesha kwa kujificha nyuma ya akaunti yenye jina la kubuni, na wote tunajua angepata nini angeanza na jina lake. Novemba mwaka huo Facebook wakaufunga, kwa nini, kwa sababu akaunti ya mwendeshaji haikuwa na jina halisi! Ilibidi mwanamke aliyekuwa nje ya nchi akubali kutoa jina lake ndipo ukarudi. Miezi miwili baadaye ukurasa huohuo ulikuwa miongoni mwa sauti zilizowaita watu barabarani tarehe 25 Januari, na Ghonim akakamatwa siku chache tu baadaye. Sheria ya jina halisi ingefuatwa kikamilifu, sauti ile ingezimwa na waliomuua Khaled wangelala vizuri.

Weka hapo pembeni kisa kingine cha 2011. Dunia nzima ilikuwa inasoma blogu ya Amina, msichana wa Damascus, Syria, anayependa wanawake wenzake, jasiri kweli, tarehe 6 Juni ikaandikwa kwamba ametekwa, watu wakaanza kampeni aachiwe. Amina hakuwepo. Alikuwa Tom MacMaster, Mmarekani wa miaka 40 anayesoma Uskoti, na picha alizotumia ni za Jelena Lečić, mwanamke wa London asiyejua lolote. Alijitetea kwamba msimulizi ni wa kubuni lakini mambo aliyoyasema ni ya kweli. Wasyria waliokuwa wanaishi maisha yale wakamjibu kwamba amewaweka hatarini, na mi nipo upande wao. Ghonim alificha jina, ila kifo alichokitangaza kilitokea. MacMaster aliazima mateso ya watu akayavaa, na baada yake kila msichana wa Damascus aliyeandika kweli alikuwa na kazi ya ziada ya kuthibitisha kwamba yupo.

Kwahiyo kwangu jina sio kesi. Kesi ni mtu mmoja kuhesabika kama watu watano, na mtu kudai uchungu ambao hajawahi kuubeba. Nesi wangu alifanya vyote viwili.

Na wanaotaka bado sheria ya majina waangalie Korea Kusini. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zililazimishwa kuhakiki utambulisho wa kila anayekomenti. Mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watu milioni 35 kwenye kampuni moja tu ya mtandao, 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria yenyewe. Na kinachoniudhi zaidi, miaka hiyohiyo idara ya ujasusi ya nchi ilikuwa inaendesha hadi vikundi 30 vya watu wa kuandika mitandaoni kama raia wa kawaida, kuibeba serikali, na mkuu wake wa wakati huo, Won Sei-hoon, akaja kufungwa miaka minne. Raia wanaonyesha kitambulisho, serikali inavaa kinyago.

Haya mambo yanazidi kuwa magumu maana sasa hata kusahau kubadilisha akaunti kunakwisha. Mwaka 2025 iligundulika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walikuwa wameingiza programu za akili bandia Reddit, kwenye sehemu ya mijadala ya kubadilishana mawazo, bila kuwaambia watu, na moja ilijifanya mtu aliyewahi kubakwa. Hao ni wasomi walioishia kujieleza hadharani. Wengine hawajielezi kwa mtu.

Kwenye grupu letu, wiki chache baada ya kuwaondoa wale watatu, aliingia mtu, akaunti mpya, haina picha, jina herufi mbili. Akauliza kuhusu kidonda mguuni kisichopona. Wakamrukia, we nani, tuonyeshe sura, feki mwingine huyu. Akaandika mara moja tu kwamba hataki kazini kwake wajue ana kisukari. Nilipofika kuwatuliza watu alikuwa ameshatoka.

Sikuhizi hatumuulizi mtu jina. Anayetaja dawa anaulizwa kama anaiuza, na mtu mmoja ni akaunti moja. Ile posti yake ya kidonda sikuifuta, iko juu kabisa, chini yake kuna majibu kumi na nne ambayo watu waliandika baadaye, la kwanza linamwambia aende hospitali leo asisubiri kesho.