Mbeba boksi na saa ya ini

Kigoma ukitaja ini, watu wanawaza gongo na homa ya ini. Sibishi, vyote viwili vinaua. Ila sisi tunaobeba boksi usiku huku Helsinki, Finland, tuna adui mwingine, na siku ya kuagwa hakuna aliyetuonya juu yake: mchana wenye giza na usiku wenye taa.

Desemba jua linakaa angani masaa sita tu, tena likiwa nyuma ya mawingu. Natoka zamu giza, naamka giza. Juni ikifika, saa nne usiku jua bado lipo. Nyumbani linachomoza kama saa moja asubuhi na kuzama kama saa moja jioni, mwaka mzima bila vituko, na kwa kuwa ni la bure hatulihesabu kuwa mali.

Mwanga wa asubuhi ukiingia jichoni unaiweka sawa saa kuu ya mwili iliyo ubongoni. Ini nalo lina saa yake, ila lenyewe hufuata zaidi muda wa kula. Mchana linaweka akiba ya sukari, usiku ukiwa umelala linaitoa kidogo kidogo. Sasa mimi nikishindilia wali saa tisa usiku kwenye mapumziko, ubongo unajua ni usiku, ini linaambiwa kumekucha. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, saa hizo ni mvivu, sukari inabaki juu, na mambo yakienda hivyo miaka, ini linaweza kujaa mafuta hata kwa mtu asiyeonja bia. Wanasayansi Hall, Rosbash na Young walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kuichambua saa hii ya mwili ndani ya nzi wa matunda, hao hao wanaozengea ndizi mbivu sokoni.

Mtaniambia wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, kule Kigoma, nao wanakesha ziwani na taa. Kweli, lakini mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Msimamizi wangu hana mbalamwezi.

Wanaonikera ni vijana wa mtaa wa Mwanga, kule kule Kigoma: chipsi mayai saa sita usiku, simu usoni mpaka alfajiri, halafu jua likitoka pazia linafungwa. Mimi angalau nalipwa.

Nimeomba zamu ya mchana. Nyongeza ya usiku itakatwa, na shangazi anayesubiri hela ya bati ataniita mchoyo.