Subiri Jua Litoke

Kila Julai nikirudi nyumbani Njombe, mama hunipa ushauri uleule: subiri jua litoke ndipo upige picha. Anataka vilima vya kijani kama vya kwenye kalenda. Mimi saa kumi na mbili na nusu nishatoka, sweta chini, koti juu, kamera ya mkanda nimeificha kifuani kama kifaranga. Baridi ikizidi, betri ya kipima mwanga hulegea.

Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kikikolea, umande huganda bondeni na wenye viazi hulala roho juu. Sisi tuliozaliwa hapa tumezoea kuuombea radhi ukungu huo mbele ya wageni, kana kwamba mji umekutwa haujanawa uso. Kwangu mimi, huo ndio uso wenyewe.

Simu yangu inaishinda kamera hii karibu kila kitu, ila ina kiherehere. Ukiielekezea ukungu, inadhani kuna uchafu: inakoleza weusi, inang'arisha mabati, inakutolea mji uliooshwa ambao hakuna aliyeuona asubuhi hiyo. Kamera ya mkanda nayo hudanganyika. Kipima mwanga chake huchukulia kila kitu ni kijivu, kwa hiyo ukungu mweupe hutoka kama moshi wa tairi. Lakini uongo wake ni mmoja na ninaujua. Naongeza mwanga maradufu, basi.

Mwaka jana, kando ya barabara ya Songea, vijana wa bodaboda walikuwa wameota moto wa maboksi. Nyuma yao magunia ya viazi, lumbesa zimefura, halafu hakuna kitu. Miti ya miwati niliyoipita maisha yangu yote imemezwa na ukungu. Mmoja alikuwa anapuliza viganja, pumzi yake ikichanganyika na moshi. Nikabonyeza.

"Kaka, nioneshe nilivyotoka."

Nikamgeuzia mgongo wa kamera. Aliukagua, akaugonga kwa kidole.

"Sasa hii kamera ni kipofu?"

Wenzake walicheka mpaka nikaingia mgahawani kunywa chai, na huko lenzi ikapata jasho, nikakaa dakika ishirini bila kupiga chochote.

Mkanda huo wa picha 36, wa nyeusi na nyeupe, niliusafisha mwenyewe Dar es Salaam, bafuni. Dawa ninayotumia inataka nyuzi 20. Njombe ningechemsha maji kidogo jikoni nikachanganya. Dar maji ya bomba hutoka kama yamepashwa, kwa hiyo nilishuka dukani kununua barafu za mfuko, nne.

"Una sherehe?" muuzaji akauliza.

Nikamwambia nasafisha picha. Alinitazama kama mama anavyonitazama nikitoka na koti alfajiri.

Nilizipanga barafu kwenye beseni kuzunguka chupa za dawa, nikingoja kipimajoto kishuke, fulana imenigandia mgongoni kwa jasho. Mkanda ulipotoka niliuning'iniza kwenye kamba ya nguo. Kwenye negativu mambo hugeuka: ukungu wote ulikuwa mweusi tititi, moto wa maboksi kidoa cheusi, na mbele ya uso wa yule kijana, pumzi yake imesimama kama wino.

Nilimtumia mama ile picha. Akajibu: "Jua lilitoka saa ngapi siku hiyo?"