Likizo ya Kuzoa Samadi

Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, anaishi Denver nchini Marekani, na mwaka huu alipopata likizo aliichukua familia yake yote akaipeleka South Dakota kwenye hifadhi ya farasi wa porini, si kwa ajili ya kuwatazama farasi hao kama ambavyo mtu mwenye akili timamu angetazamia, bali kwa ajili ya kuwafanyia kazi. Walishusha marobota ya majani makavu, wakakaza nyaya za uzio, na watoto wakakabidhiwa makoleo na toroli ili wazoe samadi katika zizi la farasi wazee. Mafuta ya gari walinunua wenyewe, chakula walijipikia wenyewe, na kwa maelezo yake mwenyewe farasi walio wengi waliwaona kwa mbali tu, tena wakiwa wamewapa mgongo.

Farasi hawajanikosea kitu. Ninacholalamikia ni kwamba picha za likizo hiyo zilifika hapa Tabora katika simu ya mama watoto, na tangu hapo nyumba yangu haina amani. Jumapili mimi hupumzika chini ya mwembe nikiwa nimevua viatu, na sijapata kusikia kwamba kufanya hivyo ni dhambi. Sasa kila nikikaa ninaonyeshwa picha ya mtoto wa shemeji akisukuma toroli huku anacheka, kisha ninaulizwa mimi nimejitolea nini tangu nizaliwe. Nilipojibu kwamba michango ya harusi niliyokwisha kutoa katika mtaa huu ingetosha kuwalisha farasi hao mwaka mzima, jibu hilo halikupokelewa.

Kisha shemeji akapiga simu kunielimisha. Alieleza kwamba wengi wa farasi wale ni kizazi cha farasi walioletwa na Wahispania kuanzia karne ya 16, wakatoroka na kuzaana nyikani, na kwamba mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda wale wanaoishi katika ardhi ya umma, wao pamoja na punda wa porini. Hapo kwenye punda ndipo uvumilivu uliponiishia. Punda asili yake ni Afrika. Yule aliyevushwa bahari amepata sheria yake, na ndugu yake aliyebaki huku anavuta mkokoteni wenye madumu ya maji kuanzia alfajiri, tena kwa matusi. Shemeji akaendelea kwamba farasi wanapozidi idadi serikali huwatafutia wafugaji, na kuanzia mwaka 2019 iliwahi kumlipa hadi dola 1,000 mtu aliyekubali kumchukua mmoja. Nilimwuliza kama mpango huo uliwahusu pia mashemeji. Akacheka, ingawa sikuwa ninatania.

Nilijitetea kwa historia. Nilimkumbusha kwamba Stanley, alipokuwa akija huku kumtafuta Livingstone mwaka 1871, farasi wake walikufa mwanzoni mwa safari kabla hajaiona Tabora, na kwamba mababu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani kwa sababu mbung'o na ugonjwa wao wa nagana hawakumwachia mnyama wa mizigo nafasi katika mapori haya. Kwa hiyo, nikahitimisha, kujitolea kwa farasi hapa hakuwezekani. Shemeji akajibu kwa upole kwamba punda wangetosha, na kwamba Desemba wanakuja wote, hivyo niwatafutie mahali pa kufanyia kazi.

Ndivyo nilivyojikuta Isevya, hapa hapa Tabora, mbele ya mzee mmoja mwenye punda na mikokoteni, nikimweleza kwamba kuna familia itakayotoka Marekani ije kumzolea samadi bila malipo. Mzee alinitazama kwa muda mrefu, akauliza tena kama hawataki malipo, kisha akawaita vijana wake wasogee karibu. Baadaye nilielewa kwamba alinidhania kuwa mpelelezi wa wanunuzi wa ngozi. Simlaumu, kwa maana punda wengi wa nchi hii waliishia katika machinjio ya Dodoma na Shinyanga ili ngozi zao zikachemshwe dawa huko China, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo. Mgeni anayewasifia punda wa mtu bila sababu ya kueleweka lazima awe na kisu mahali fulani.

Niliapa na nikataja ukoo wangu, na mwishowe mzee akalegea, lakini kwa masharti. Anataka barua ya mwenyekiti wa mtaa, anataka picha ya kila mgeni, na hataki mtoto yeyote ampande punda wake kwa ajili ya kupiga picha. Isitoshe, kwa kuwa hawafahamu wageni hao, atawapima kwanza kupitia ndugu yao aliye karibu, ambaye atafika zizini kila Jumapili asubuhi hadi Desemba. Nilipompelekea mama watoto taarifa hiyo nikitegemea huruma, aliingia ndani akatoka na mabuti ya mpira, namba ya mguu wangu, na ni dhahiri kwamba hakuyanunua siku hiyo.