Siku niliyotumwa kuosha "head"

Jamani hii ya mwaka 2011, mpaka leo washikaji wananichekea. Mjomba alinitafutia kazi melini pale Dar, mi mtu wa Dodoma, bahari nilikuwa naiona kwenye kalenda tu, nikapewa ovaroli na ndoo. Asubuhi ya kwanza ofisa mmoja Mwingereza, mzee aliyetoka jeshi la majini, akanambia "clean the poop". Si pupu hiyo? Nikanyoosha vyooni, nikasugua masaa mawili mpaka pakang'aa, kumbe mwenzangu kanisubiri nyuma ya meli juani, anatukana peke yake.

Kumbe poop ni ile sitaha ya juu kule nyuma kabisa! Serahangi wetu, yani msimamizi wa mabaharia, mzee wa Kipemba, ndo akanifungua macho, eti neno lilianzia kwenye Kilatini, puppis, likapitia kwa Wafaransa, maana yake tezi ya chombo, na mambo ya chooni hayahusiki kabisa. Nikamuuliza, tezi si ile ya shingoni, babu? Mzee alicheka akakohoa akacheka tena. "Mwanangu, kumbe hata Kiswahili hukijui! Tezi nyuma, omo mbele."

Kesho yake yule ofisa tena, "clean the head". Nikasema leo sikosei ng'o. Head si mkuu? Na mkuu wa meli ni nani kama sio kapteni? Nikapiga hodi kwenye kabini yake, brashi ya choo mkononi, nikamwambia kwa adabu zote, "Sir, I have come to clean the head." Sasa kapteni mwenyewe ana upara, unawaka kama sahani. Akaitazama brashi, akanitazama mimi, taratibu akajishika kichwa.

Kumbe head ndo choo! Enzi za meli za matanga upepo mara nyingi unapiga toka nyuma, kwa hiyo mabaharia walikuwa wanajisaidia mbele kabisa, kichwani mwa meli, harufu inatangulia huko na mawimbi yanapiga deki yenyewe bure. Baadae choo kikahamia ndani, jina likabaki lilelile. Yani pupu sio choo, kichwa ndo choo, mtu wa Dodoma ningejuaje?

Safari yote iliyobaki, kapteni akiniona tu na ndoo, anavaa kofia.